Twiga akitaka kwenda kwao anamwambia nani?

Ndugu msomaji, wiki hii naomba uniruhusu nitoke kidogo katika mambo tuliyozoea kuyajadili kwenye ukurasa huu, nizungumze habari za wanyama. Najua wapo watakaosema mzee huyu amekosa la kuandika, Waislamu wana matatizo chungu nzima yeye anatuletea habari za twiga. Nawaomba wanivumilie. Swali lililonifanya nishike kalamu niliulizwa na mtoto wa miaka saba, na mpaka leo sijampa jibu linaloniridhisha mimi mwenyewe.

Mwezi wa Januari mwaka jana nilikwenda Falme za Kiarabu kumtembelea binti yangu. Ameolewa na kijana wa Kiomani ambaye wazee wake waliishi Unguja, na kazi ya mumewe imewapeleka Al Ain, mji uliopakana kabisa na Buraimi ya Oman. Siku moja, tumemaliza chakula cha mchana, mkwe wangu akasema, "Mzee, jioni hii tunakupeleka bustanini ukaone wanyama." Nikacheka. Nikamwambia, mimi natoka Tanzania, nchi ya Serengeti na Ngorongoro, leo nipande ndege nije jangwani kutazama simba? Na yeye akacheka, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kwani mzee, Serengeti umefika mara ngapi?"

Nikanyamaza. Nina miaka 63 na Serengeti sijafika hata mara moja. Mikumi nimeipita ndani ya basi nikienda Iringa na kurudi, pengine mara ishirini, maana barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi. Mara karibu zote nilikuwa nimesinzia, au nimekaa siti ya upande wa pili, nikasikia abiria wenzangu tu wakisema "tembo wale, tembo wale!" na nilipogeuza shingo basi lilikuwa limeshapita. Sidhani kama niko peke yangu. Sisi watu wa mjini twiga tunamjua kwa picha. Tunaambiwa ni mnyama wa taifa letu, tunajivunia mbele ya wageni, lakini mgeni kutoka Ulaya akikaa wiki mbili nchini anamwona kuliko Mtanzania anavyomwona katika umri wake wote.

Basi tukaenda. Bustani ile ilianzishwa mwaka 1968 na Sheikh Zayed bin Sultan, Falme zenyewe zikiwa bado hazijaungana. Iko chini ya mlima unaoitwa Jabal Hafit, na ni pana kiasi kwamba huizungushi kwa miguu ukaimaliza. Kuna sehemu unapanda gari wanakuzungusha katika eneo kama mbuga, una pundamilia upande huu, swala upande ule, simba nao wametengewa pao. Majani, kivuli, maji, kila kitu kimeletwa na mkono wa binadamu, kwa sababu ardhi yenyewe ni mchanga na mawe. Nikawa natazama nasema moyoni, subhanallah, watu hawa wametengeneza Afrika yao.

Kilichowavutia wajukuu zangu zaidi ni twiga. Pale unapanda jukwaa ukawa sawa na kichwa chake, unapewa majani na vipande vya karoti, unamlisha kwa mkono wako. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikatazamana na twiga jicho kwa jicho. Ana kope ndefu kama za bi harusi. Ulimi wake ni mweusi wenye uzambarau, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na unajizungusha kwenye jani kwa ustadi wa fundi. Nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Nilimlisha mpaka karoti zikaisha, nikaomba nyingine.

Kijana aliyekuwa akiwahudumia alinisikia nikisema na wajukuu, akanigeukia: "Shikamoo mzee." Kumbe ni Mkenya, Mtaita. Tukaanza kuzungumza. Twiga wote wale anawajua kwa majina, huyu mpole, yule mchoyo, yule mwingine hali mpaka yeye awepo. Nikamwambia bila shaka umewazoea tangu nyumbani. Akacheka sana. Akasema, "Mzee, nyumbani kwetu tuko kando ya Tsavo. Ndovu wakiingia shambani usiku mmoja mama anakosa mahindi ya mwaka mzima. Kule mnyama ni adui. Mimi nimejifunza kuwapenda huku." Maneno yale niliyaweka akiba. Sisi tunaoandika magazetini kuhusu mapenzi ya wanyama hatulali shambani tukipiga madebe.

Ndipo mjukuu wangu akauliza. Alikuwa ameshika karoti yake ya mwisho hataki kuitoa, anamtazama twiga. Akasema, "Babu, hawa si wanatoka kwenu?" Nikasema ndiyo, asili yao ni kwetu. Akauliza, "Sasa huyu akitaka kwenda kwao anamwambia nani?"

Baba yake akamjibu kwamba huyu amezaliwa hapa hapa, kwao ni hapa, kama wewe. Ni jibu zuri, na yaelekea ni la kweli, maana siku hizi wanyama wengi wa bustani kubwa huzaliwa humo humo. Mtoto akaridhika, akatoa karoti. Mimi sikuridhika. Na sababu ya kutoridhika haikuwa ya twiga yule, ambaye kwa macho yangu alikuwa ameshiba, ana nafasi na ana watu wa kumtunza. Sababu ni jambo langu mwenyewe ambalo nimekaa nalo nusu karne.

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikiishi kwa mjomba wangu Tanga. Mjomba alikuwa na mgahawa, na nje ya mgahawa palikuwa na mwarobaini, na kwenye mwarobaini alifungwa tumbili. Alikuwa na mkanda kiunoni na mnyororo wa urefu wa hatua nne hivi. Wateja walimpenda. Walimpa ndizi, kaimati, wengine walimpa chai kwenye kisahani wakacheka akiipuliza. Watoto waliwavuta baba zao waje pale kwa ajili yake. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa tangazo la biashara.

Mjomba alipata msiba Mombasa, akafunga mgahawa siku tatu. Kazi aliyoniachia ilikuwa moja tu: asubuhi na jioni mpe tumbili maji na ndizi. Siku ya pili yake wenzangu wa madrasa walikuwa wanakwenda maulidi Pangani kwa lori. Nilikuwa naitamani safari ile tangu mfungo. Nikajaza kopo kubwa maji, nikaweka ndizi za kutosha chini ya mti, nikajiambia ni usiku mmoja tu. Lori likaharibika. Tulirudi siku ya tatu, alasiri.

Nilimkuta amekufa. Alikuwa ameuzunguka mti, akauzunguka tena na tena, mpaka mnyororo wote ukaishia kwenye shina. Kopo lilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka pale alipolala. Lilikuwa bado na maji.

Nilimzika nyuma ya choo. Mjomba aliporudi nikamwambia tumbili aliugua. Akasema "Basi," na haukupita mwezi akanunua kasuku. Ni mwaka huo huo mwalimu wetu wa madrasa alitusomesha hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Niliomba ruhusa ya kwenda haja. Sikurudi darasani siku ile.

Nimeyaeleza haya si kwa sababu napenda kujianika gazetini. Nimeyaeleza kwa sababu swali la mjukuu wangu kwangu mimi si swali la twiga. Tumetufundishwa kwamba tauba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ni kuacha, kujuta na kuazimia. Lakini ukimdhulumu mtu kuna sharti la nne: umrudishie haki yake au umwombe radhi. Mjomba nilimdanganya, nikamwomba radhi kabla hajafariki, akanisamehe huku akicheka, hata tumbili mwenyewe alikuwa amemsahau. Je, tumbili? Kama alikuwa na haki kwangu, haki hiyo nitaipeleka wapi?

Mtu anaweza kusema huo ni wasiwasi. Mnyama hana akili, hana madai. Tunachotakiwa kwake ni huruma tu. Fikra hii imeenea sana, na inaonekana ya Kiislamu kwa sababu huruma ni neno zuri. Lakini naomba tuitazame vizuri. Huruma ni mali ya mwenye kutoa. Nikikuhurumia, nimefanya wema. Nisipokuhurumia, nimepungukiwa na wema, lakini wewe huna la kunishitaki. Haki si hivyo. Haki ni mali yako wewe, hata kama imo mikononi mwangu. Ukisema mnyama anastahili huruma peke yake, umemfanya ombaomba mbele yako, umpe au umnyime ni hiari yako.

Dini yetu haikukomea hapo. Katika Surat al-An'aam, aya ya 38, tunaelezwa kuwa wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Umma, si vyombo vya ndani. Katika Sahihi Muslim imo hadithi kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, mpaka mbuzi asiye na pembe alipiziwe kwa yule mwenye pembe aliyempiga. Ikiwa mbuzi kwa mbuzi mwenzake hawaachwi hivi hivi, itakuwaje baina ya mbuzi na mimi niliyepewa akili na kuletewa Mtume? Imepokewa vilevile na Abu Dawud kwamba ngamia alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa mmiliki wake anamlaza njaa na kumchosha kwa kazi, na mwenye ngamia akaitwa akakemewa. Ngamia yule alipata wa kumwambia. Hilo ndilo lililonigonga niliposikia swali la mtoto pale jukwaani.

Wanazuoni wetu waliliona hili zamani. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria, yaani 1262, katika kitabu chake cha kanuni za sheria anaorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Anatumia neno haki. Kwamba umlishe na umtunze hata akizeeka au akiugua ugonjwa ambao hutanufaika naye tena. Kwamba usimbebeshe asichoweza. Kwamba usimweke pamoja na kile kinachomuumiza, awe wa jinsi yake au mwingine. Kwamba usichinje watoto wake naye anaona. Karne nyingi kabla ya hizi jumuiya za Ulaya zinazotufundisha leo. (Nasema hili bila majigambo, maana ukitazama punda wetu anavyopigwa akiwa na mkokoteni wa mizigo, huwezi kujigamba kwa kitabu usichokifuata.)

Na kabla yake, karne ya nne Hijria, kundi la wanafalsafa wa Basra wanaojiita Ikhwan as-Safaa waliandika kisa kirefu ambamo wanyama wanawashitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini. Najua wapo masheikh wenye mashaka na kundi hilo katika mambo ya itikadi, na mimi siwaungi mkono katika hayo. Ila kisa kinastahili kusomwa. Kila hoja ya binadamu kwamba yeye ni bora, umbo lake, akili yake, miji yake, wanyama wanaijibu. Hoja inayowapa binadamu ushindi mwishoni ni ya akhera, kwamba wao wanangojewa na malipo ya milele. Nimeifikiria sana hoja hiyo. Aliyeshinda kesi kwa sababu ana akhera ameshinda kwa sababu ana hesabu.

Sasa turudi bustanini. Je, kumfungia mnyama ni dhulma kwa asili yake? Kama ningejibu kwa hasira za tumbili wangu ningesema ndiyo, kwisha maneno. Lakini tunayo hadithi ya mtoto aliyeitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kilipokufa, Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwa upole na hakumgombeza kwa kukifuga. Wanazuoni wengi wamechukua hapo ruhusa ya kufuga ndege, mradi apewe haki zake. Na hata hadithi ya paka, ukiisoma vizuri, ina njia mbili: umlishe, au umwache atafute. Aliyehukumiwa alizikata zote mbili.

Tena bustani ile ilinionesha mnyama aliyenivuruga zaidi. Ni jamaa wa choroa wetu, mweupe, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka. Waarabu wanamwita maha. Mnyama huyu alijaa jangwa lote la Arabuni. Walipokuja watu na magari na bunduki za kisasa, akaanza kwisha. Mwaka 1962 chama kimoja cha Uingereza cha kuhifadhi wanyama kilituma msafara kwenda kuwakamata wachache waliobaki kusini mwa Arabuni kabla hawajamalizwa. Aliyeongoza msafara alikuwa Meja Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya wakati huo. Waliopatikana wakabaki hai walikuwa watatu tu. Wakapelekwa Phoenix, Arizona, Marekani, wakaunganishwa na wengine waliotoka London na kwa watawala wa Kuwait na Saudia, wakafika tisa. Mwaka 1972 wa mwisho wa porini akauawa katika jangwa la Jiddat al-Harasis, Oman. Kuanzia siku ile, maha wote waliobaki duniani walikuwa ndani ya uzio.

Watu wakawazalisha. Mwaka 1982 Oman ikawaachia kumi wa kwanza kwenye jangwa lile lile, na Mabedui wa kabila la Harasis wakaajiriwa kuwalinda. Wakaongezeka, ilipofika 1996 walikuwa kama 450. UNESCO ilikuwa imeshaliandika eneo lile katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka 1994. Hadithi ingeishia hapo ningekuja kwenu kusema uzio umewaokoa viumbe hawa, basi uzio ni rehema.

Haikuishia hapo. Mwaka huo huo 1996 majangili wakarudi, na safari hii hawakuja kutafuta nyama. Walikuwa wanawakamata wakiwa hai na kuwauza nje kwa watu wanaopenda kuwa na wanyama wa fahari kwenye viwanja vyao. Kufika 2007 walikuwa wamebaki 65, Oman ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 kwa ajili ya utafutaji wa mafuta na gesi, na UNESCO ikalifuta eneo lile kwenye orodha. Lilikuwa la kwanza duniani kufutwa. Kwa kuwa walikuwapo wengine kwenye bustani na hifadhi za nchi jirani, kazi iliendelea, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa porini wamefika kama 1,000.

Mnaliona jambo hili, ndugu zangu? Mnyama yule yule, uzio mmoja ulimwokoa na uzio mwingine ukamwangamiza. Vyuma ni vile vile. Tofauti imo katika nia ya aliyeujenga: huyu alimzungushia uzio kwa ajili ya maha, yule kwa ajili ya macho yake mwenyewe na wageni wake.

Na sisi wa pwani tusijitoe. Kuuza na kuzawadia wanyama wa ajabu ni kazi yetu ya zamani. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipokelewa kwa shangwe katika kasri la mfalme wa China. Fikiria safari ile ndani ya jahazi. Juzi juzi tu, Novemba 2010, wanyama na ndege hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege usiku pale uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Doha. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ikamhukumu kifungo mshitakiwa mmoja wa kigeni, mwenyewe akiwa ameshatoroka, na mwaka 2016 Serikali ikasimamisha kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Twiga si kasuku wa kuficha kwenye kikapu. Kupita kwake uwanja wa ndege kunahitaji Waswahili wengi walioangalia pembeni. Wangapi kati yetu tulikasirika kwa sababu ya twiga mwenyewe, na wangapi kwa sababu tu ni mali yetu imeibwa na hatukupata chetu?

Mimi si mufti, siwezi kusema kiingilio cha bustani ni halali au haramu, na nikialikwa tena na wajukuu nitakwenda. Ila nimejiwekea kipimo kimoja. Najiuliza: watazamaji wakiacha kuja, mnyama huyu ataendelea kulishwa? Mwaka 2020, wakati wa Corona, bustani za wanyama dunia nzima zilifunga milango. Hapakuwa na kiingilio wala picha. Pale ilidhihirika nani alikuwa anamtunza mnyama na nani alikuwa anakitunza kivutio. Na ndiyo maana ya sharti la kwanza la Sheikh Izzuddin, kumlisha hata pale asipokuletea faida. Tumbili wetu Tanga mgahawa ulipofungwa hakuwa na kazi, na asiyekuwa na kazi alisahaulika.

Kipimo hiki kinatukuta hata tusiofika Al Ain. Kobe aliyewekwa kwenye ua wa hoteli, watoto wampande mgongoni. Chiriku kwenye tundu dogo kama boksi la viatu, juani, kwa sababu anaimba. Kuku tunaowabeba wamefungwa miguu, vichwa chini, wananing'inia kwenye baiskeli kutoka sokoni mpaka nyumbani, tena siku ya Idi, halafu mwenye baiskeli anachinja kwa Bismillah. Nimekwenda sokoni na wazee wanaoheshimika sana msikitini, sijamwona aliyesema neno. Na mimi sikusema.

Kuhusu tumbili, nimewahi kumuuliza sheikh mmoja ninayemwamini. Aliniambia nikithirishe istighfari, nitoe sadaka ya maji, kwani imepokewa kwamba mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na mengine nimwachie Mwenye kurehemu. Nimefanya hivyo. Kuna kisima sehemu fulani Handeni, na pembeni yake nimejengesha birika la wanyama, pungufu ya goti, wafike hata wadogo. Kama linatosha sijui, na yule sheikh naye hakuniambia kuwa linatosha.

Mwezi uliopita binti yangu alipiga simu, mjukuu akaichukua. Akaniuliza kama nimeshakwenda kuwaona twiga wa kwetu. Nikamwambia bado, lakini nikienda tena Iringa nitakata siti ya dirishani na sitalala. Halafu, sijui nilipatwa na nini, nikamsimulia habari ya tumbili, ile niliyokuwa sijamsimulia hata mama yake. Nilimsimulia yote mpaka kopo. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Babu, alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia nimesahau. Si kweli. Hakuwa na jina. Tulikuwa tunamwita "wewe".